Baba amepooza, daktari wa meno kaniuliza habari za fizi zake. Wajuzi, kinga ya mwili inahusianaje na kiharusi?

#1 BintiWaUru

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Niko Uru, juu kidogo ya Moshi mjini. Mwezi wa nne baba yangu, ana miaka 63, alitoka alfajiri kukata majani ya ng'ombe. Akarudi bila panga wala majani, mkono wa kulia unaning'inia, mdomo umeenda upande. Alitaka kuniambia kitu, maneno yakatoka kama ya mtoto anayejifunza kuongea. Majirani wawili wakasema amepigwa na upepo mbaya, kuna mzee huko juu anautoa. Mama alikataa katakata. Tulimteremsha kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma, mpaka barabarani tulipopata gari. Picha ya kichwa ikaonyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo.

Aliporuhusiwa nilifundishwa kumgeuza, kumnyoosha mkono na mguu, na kumpa dawa za presha kwa saa. Habari ya kinywa hakuna aliyenigusia. Wiki ya tatu nikaanza kusikia harufu nzito. Nikamfungua mdomo kwa tochi ya simu. Shavu la kulia, lile lililopooza, lilikuwa limejaa mabaki ya chakula ambayo yeye hayasikii. Fizi zimevimba, nyekundu kama nyama mbichi, nikigusa kwa kitambaa tu zinatoa damu. Meno mawili ya chini yanacheza. Mama akasema, "Fizi za baba yako zinatoka damu tangu wewe uko darasa la tano."

Nikampeleka kwa daktari wa meno. Akamsafisha kiasi, akaniambia kwamba kuna utafiti waliopima kwenye damu kinga dhidi ya wadudu wa fizi, na waliokutwa nayo nyingi ndio waliopata kiharusi zaidi miaka ya mbele. Foleni ilikuwa ndefu, hakuweza kufafanua.

Hapo ndipo nilipokwama. Kinga si ndiyo inayotulinda? Mtoto akichanjwa surua anapata kinga na surua haimpati. Inakuwaje mwenye kinga nyingi ya fizi ndiye anayepooza? Na je, fizi za baba ndizo zilizomwangusha? Nina kaka wawili, wote wakipiga mswaki wanatema damu. Silali vizuri. Naomba mnieleweshe.

#2 Mangi wa Kiboroloni

Pole sana binti. Mama yako ni mtu wa maana, alikataa kupoteza muda. Nakaa hapa nisubiri wajuzi, maana na mimi nikila muwa natema damu.

#3 TabibuKinywa

Dada, pole kwa kuuguza. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, nafanya kazi huku huku Kilimanjaro. Swali lako la kinga ni zuri kuliko unavyodhani, na jibu lake ndilo linaloeleza mengine yote.

Kwanza tutenganishe maneno. Kinga ni hali ya mwili kuweza kuzuia ugonjwa. Kingamwili ni chembechembe za protini ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya mdudu fulani baada ya kukutana naye. Maabara wakichukua damu, wanachohesabu ni kingamwili. Kwa surua, ukiwa nazo umeshapona au umechanjwa: kirusi kiliingia, kikapigwa, kikaondoka. Kwenye fizi mambo hayaendi hivyo.

Bakteria wa fizi hawaishi ndani ya damu. Wanaishi juu ya jino, kwenye utando tunaouita ukoga. Ukoga usipoondolewa unashika chokaa ya mate na kuwa ugaga, mgumu kama jiwe. Jino halina mishipa ya damu juu yake. Askari wa mwili wanafika mpaka ukingoni mwa fizi, wanarusha silaha zao, lakini ngome ya adui iko nje ya boma. Kwa hiyo vita haviishi. Mwaka unapita, miaka kumi inapita, fizi inavimba, inaachana na jino, kunakuwa na mfuko, mfupa unaliwa taratibu, jino linaanza kucheza. Muda wote huo mwili unaendelea kutengeneza kingamwili.

Wewe ni wa Uru, mashamba ya mahindi unayajua. Ukikuta shamba lina mbwa watatu na mitego kila kona, huwezi kusema hapa ngedere hawafiki. Utajua wanafika kila siku, ndiyo maana mwenye shamba kafuga mbwa. Kingamwili nyingi dhidi ya bakteria wa fizi ndio wale mbwa.

Sasa utafiti. Nadhani daktari wako alikuwa na mawazo na ule wa Finland uliotolewa mwaka 2004 na Pussinen na wenzake. Nauona wa maana kwa sababu ya namna ulivyofanywa. Kati ya 1973 na 1976, watu 6,950 wa umri wa miaka 45 hadi 64 walipimwa afya na damu zao zikahifadhiwa. Wakafuatiliwa miaka 13. Watu 173 wakapata kiharusi. Watafiti wakazirudia damu zile za zamani, zilizotolewa kabla ya kiharusi, na kila mgonjwa wakamlinganisha na watu wawili wa umri ule ule, jinsia ile ile, na eneo lile lile, ambao hawakupata. Wakatafuta kingamwili dhidi ya bakteria wawili: Porphyromonas gingivalis na Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Majina yanachosha ulimi, ila hao wawili ni wakorofi wanaofahamika sana kwenye fizi.

Kwa watu waliokuwa wazima mwanzoni, wenye kingamwili za aina ya IgA dhidi ya yule wa pili walikuwa na uwezekano wa kupata kiharusi mara 1.6 ya wenzao. Kwa wale ambao tayari walishawahi kupata kiharusi au walikuwa na dalili za ugonjwa wa moyo, wenye kingamwili za IgA dhidi ya Porphyromonas gingivalis walikuwa na uwezekano mara 2.6.

Kwa hiyo, dada, kinga haikumpoozesha mtu hapo. Kingamwili zilikuwa shahidi wa vita vya muda mrefu ambavyo mwenyewe labda alikuwa havisikii. Ugonjwa wa fizi hauumi mpaka umefika mbali.

#4 HesabuKwanza

Nasalimu kutoka Njiro, Arusha. Dada pole.

Tabibu umeeleza vizuri, ila naomba tusimkimbize huyu dada kwenye hitimisho. Kazi yangu ni takwimu na nimewahi kuona mambo kama haya yakianguka. Hiyo mara 1.6 ina ukingo, yaani namba ya kweli inaweza kuangukia popote kati ya pande mbili. Kama sikosei, hesabu yao ilikuwa kati ya 1.0 na 2.6. Ukingo ukigusa 1 maana yake inawezekana hakuna tofauti kabisa. Ile 2.6 nayo ukingo wake unaanzia 1.0 na kwenda mpaka 7.0, mpana mno, kwa sababu kundi lenyewe lilikuwa la wagonjwa 64 tu.

Halafu Finland hiyo hiyo ina historia. Mwaka 1988 Saikku na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa wa moyo wana kingamwili nyingi dhidi ya Chlamydia pneumoniae. Huyu ni wa kifua, msimchanganye na yule wa zinaa. Dunia ikachangamka: basi tuwape watu dawa ya kuua bakteria, moyo upone! Majaribio yakafanyika. Mojawapo, lililotolewa mwaka 2005 Marekani, lilichukua wagonjwa wa moyo 4,012, nusu wakanywa azithromycin kila wiki kwa mwaka mzima, nusu kidonge kisicho na dawa. Walifuatiliwa karibu miaka minne. Matokeo: hakuna tofauti. Kingamwili zilionekana, lakini kumuua mdudu hakukuokoa mtu.

Jiulizeni nani hasa ana fizi mbovu. Mvuta sigara. Mwenye kisukari. Mtu mzima wa umri mkubwa. Mtu asiye na hela ya kwenda kwa daktari. Na nani anapata kiharusi? Hao hao. Watu wawili wakishuka stendi kwa pamoja haina maana mmoja kamleta mwenzake, huenda wamepanda basi moja.

Sisemi fizi hazihusiki. Nasema tusiseme zaidi ya tunachokijua.

#5 BintiWaUru

Asanteni sana wote wawili. Tabibu, mfano wa mbwa na ngedere umeniingia, nimemsimulia mama jikoni akatingisha kichwa.

Kaka HesabuKwanza, nimekuelewa pia. Ila sasa nibaki na nini? Baba hajawahi kuvuta sigara. Mbege anakunywa siku ya sherehe. Presha anayo, hilo tulilijua miaka sita iliyopita, dawa akawa anakunywa akijisikia vibaya tu, akijisikia vizuri anaacha.

#6 Mwana wa Machame

BintiWaUru, hapo uliposema anakunywa akijisikia vibaya ndipo penye jibu lako kubwa kuliko fizi. Usiniwie vibaya, baba yangu mimi alikuwa hivyo hivyo na hayupo tena.

Niwakumbushe jambo la kwetu. Kati ya 2003 na 2006 huku Hai ulipita mradi wa kuhesabu viharusi. Nilikuwa kijana, nawakumbuka watu wa mradi wakiuliza nyumba kwa nyumba nani kapooza, nani amefariki na alikuwa na dalili gani. Eneo lao la Hai lilikuwa na watu 159,814, na walifanya kazi ile ile Dar es Salaam pia. Ripoti ilitoka mwaka 2010, Richard Walker na wenzake. Wakisawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar 315.9. Karibu mara tatu! Sisi tulidhani ni ugonjwa wa wazungu wanene.

Baadaye wakatoa ripoti nyingine ya vihatarishi. Vilivyojitokeza ni mtu kuwa na historia ya tatizo la moyo, VVU, kolesteroli, sigara na presha. Hao ni watu wetu, wa Bomang'ombe na Machame, siyo wa Finland. Fizi hawakuzigusa kwa kadiri ninavyoikumbuka orodha hiyo, kwa hiyo haituambii fizi zina hatia au hazina. Ila inatuambia pa kuanzia.

#7 TabibuKinywa

Mwana wa Machame, pole kwa mzee. Na asante, wengi hatujui kwamba namba hizo zimetoka migombani kwetu.

HesabuKwanza, sina ugomvi na wewe hata chembe. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2012 kilikaa kikapitia tafiti zote za wakati huo kikasema hivyo hivyo: uhusiano kati ya fizi na magonjwa ya mishipa upo, hata ukiondoa sigara na mengine, lakini haijathibitika kwamba fizi ndizo zinazosababisha, wala kwamba kutibu fizi kunazuia. Mimi huwaambia wagonjwa wangu maneno hayo kabla sijashika kifaa.

Lakini ipo sababu ya kutolifunga jalada, na hapa naomba mnivumilie niende taratibu.

Mfuko mmoja wa fizi ni kidonda kidogo. Kinywa chenye meno 28 yaliyozungukwa na mifuko ni kidonda kikubwa, makadirio ya watafiti ni kati ya sentimita za mraba 8 na 20. Fikiria kidonda cha ukubwa huo kikiwa mguuni, kinatoka damu kila siku kwa miaka ishirini. Nani angekiacha? Cha mdomoni tunakiacha kwa sababu kimefichwa na midomo. Kila ukitafuna, kila ukipiga mswaki, bakteria kidogo wanaingia kwenye damu. Ini linapata habari na kutoa protini za uvimbe. Kuta za mishipa zinakaa kwenye hali ya hasira.

Mwaka 2007 Tonetti na wenzake walichukua watu 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi. Nusu wakatibiwa kwa nguvu, nusu huduma ya kawaida. Saa 24 baada ya matibabu makali, uvimbe kwenye damu ulipanda na mishipa ikafanya kazi vibaya zaidi, kwa sababu umeuchokoza mzinga. Baada ya miezi sita mishipa ya waliotibiwa kwa nguvu ilikuwa inatanuka vizuri kuliko ya wenzao. Hapo hatuhesabu kingamwili, tunaona mshipa wenyewe.

Kingine kilichonishtua: Tampere, Finland, walichunguza mabonge ya damu yaliyonyonywa kutoka kwenye ubongo wa wagonjwa 75 wakati kiharusi kinaendelea. Ilikuwa mwaka 2019. Asilimia 79 ya mabonge yalikuwa na vinasaba vya bakteria wa kinywani, jamii ya streptokoki. Hawa ni wakazi wa kawaida wa kinywa, siyo wale wakorofi wawili wa fizi, kwa hiyo usiunganishe harakaharaka. Ila njia kutoka kinywani mpaka ubongoni ipo, na imepitiwa.

Kuhusu kingamwili zenyewe ipo dhana nyingine. Baadhi ya protini za bakteria hawa zinafanana na protini zinazojitokeza kwenye kuta za mishipa yetu zikiwa na msukosuko. Huenda kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya mdudu inaugeukia ukuta wa mshipa, kama mbwa wa shamba anayemng'ata mtoto wa mwenye shamba kwa sababu kavaa koti la mgeni. Hii ni dhana, ina dalili za maabara, sijaiita ukweli.

Na ukitaka jaribio la kweli kwa watu waliokwisha kupata kiharusi, lipo la Marekani lililotolewa mwaka 2023. Watu 280, wengine matibabu makali ya fizi, wengine ya kawaida, mwaka mmoja. Tofauti haikufikia uhakika wa kitakwimu. Kumbuka tu kwamba makundi yote mawili yalitibiwa fizi, hakukuwa na kundi lililoachwa lioze. Maadili hayaruhusu.

Dada, baba yako ana presha iliyoachwa bila dawa. Mimi kama tabibu wa meno nakwambia: kama ningelazimika kuokoa kitu kimoja kati ya kidonge chake cha presha na mswaki wake, ningeokoa kidonge. Bahati nzuri halazimiki mtu kuchagua.

#8 HesabuKwanza

Hapo Tabibu tumefika mahali pamoja. Jaribio la watu 280 ni dogo kwa tukio kama kiharusi, hata mimi nisingelitumia kufunga mjadala.

#9 Laizer wa Ngaramtoni

Naomba niulize kwa niaba ya watu wa huku chini ya Meru. Meno yetu ni ya kahawia tangu utotoni, kwa maji. Watoto wangu wanachekwa wakienda kusoma mikoa mingine. Je, sisi ndio tuko kwenye hatari zaidi ya hicho kiharusi?

Na mswaki wa mti unafaa? Baba yangu ana zaidi ya miaka 80, hajui dawa ya meno, meno yake mengi yapo.

#10 TabibuKinywa

Laizer, ondoa hofu hiyo kabisa. Rangi ya kahawia inatokana na floridi nyingi kwenye maji ya ukanda wa Meru na baadhi ya sehemu za Kilimanjaro. Iliingia kwenye jino likiwa bado linajengwa chini ya fizi, mtoto akiwa mdogo. Jino la kahawia linaweza kuwa na fizi nzuri kama za mtoto, na jino jeupe kama karatasi linaweza kuwa limezungukwa na usaha. Nimewaona wa aina zote mbili wakiwa kwenye benchi moja. Wanaocheka watoto wako waeleze hivyo. Kwa wadogo waliobaki, maji ya kunywa na ya kupikia yakiwezekana yawe ya mvua au ya chanzo chenye floridi kidogo, na magadi kwenye makande yapunguzwe, maana magadi nayo yanabeba floridi.

Mswaki wa mti ukitafunwa ncha ikawa brashi laini, na ukafika mpaka nyuma na upande wa ndani, unaondoa ukoga. Wengi husugua mbele tu, pale panapoonekana. Mzee wako anasugua muda mrefu bila haraka, ndiyo siri. Lakini ugaga ukishashika, si mti wala mswaki wa dukani unaoutoa. Hapo ni kifaa cha kliniki.

Jambo moja linaniumiza: watu wanakwenda dukani na kununua Flagyl na Amoxicillin kila fizi zikivimba. Uvimbe unashuka siku tano, ugaga uko pale pale, mwezi ujao wanarudi. Bakteria wamejificha ndani ya utando, dawa haiwafikii vizuri. Tunajenga usugu wa dawa na mfupa unaendelea kuliwa.

#11 Dereva Mstaafu

Mimi navuta tangu 1984 na fizi zangu hazijawahi kutoka damu hata siku moja. Kwa hiyo niko salama?

#12 TabibuKinywa

Shikamoo mzee. Sigara inabana mishipa midogo ya fizi, kwa hiyo damu haitoki hata kama ugonjwa upo. Mvutaji huwa anagundua meno yakishacheza. Naomba upite kliniki yoyote iliyo karibu wakupime kina cha mifuko, na ukiwa hapo omba wakupime presha. Kwa upande wa kiharusi, sigara inashika nafasi yake yenyewe bila kusaidiwa na fizi.

#13 Mama Pasua

Wanangu, nimewasoma tangu jioni. Nilikuwa muuguzi wodini kwa miaka 31, sasa niko nyumbani Pasua. Mmeongea sana juu ya kabla ya kiharusi. Binti ana mgonjwa kitandani leo, na hapo kinywa hakina mjadala.

Mwanangu, mtu aliyepooza mara nyingi hamezi vizuri. Mate na chakula vinapotea njia, vinaingia kwenye mapafu badala ya tumbo. Kinywa kikiwa kichafu, kinachoingia mapafuni ni uchafu wenye bakteria, na homa ya mapafu inaua wagonjwa wa kiharusi wengi ambao ubongo wao ulikuwa tayari unapona. Nimewafunga wengi sanda kwa ajili hiyo.

Fanya hivi. Mkalishe wima, mito mgongoni, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Asilale chali wakati wa kusafishwa hata mara moja. Tumia mswaki laini wa mtoto. Dawa ya meno kidogo tu, kama punje ya harage dogo, povu likizidi linamkaba. Mpige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, pale fizi inapokutana na jino. Damu ikitoka usiogope wala usiache, ikisafishwa kila siku inapungua yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Halafu zungushia kidole kitambaa safi chenye unyevu, pita ndani ya shavu lililopooza, juu na chini, kwa sababu pale ndipo chakula kinapojificha. Fanya hivyo kila baada ya kula. Kama ana meno ya bandia, yatoke usiku.

Baada ya mlo akae wima nusu saa. Mtori uwe mzito kiasi, siyo maji maji, maana majimaji ndiyo yanayopotea njia haraka. Akikohoa kila akimeza, au sauti ikawa kama ina maji, rudini hospitali.

Na jambo la mwisho. Kama anakunywa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa kitu, na usiache dawa hiyo kwa uamuzi wenu. Nilimwona baba mmoja familia ilimwachisha wiki nzima ili ang'olewe jino. Akapooza upande wa pili.

#14 BintiWaUru

Mama Pasua, shikamoo. Nimelia nilipofika hapo pa homa ya mapafu, kwa sababu baba anakohoa akinywa chai na mimi nilikuwa namnywesha akiwa nusu amelala. Nimeshabadilisha kuanzia leo. Mungu akuweke.

#15 Mangi wa Kiboroloni

Uzi huu ubaki juu. Mama Pasua heshima yako.

Niongeze la dharura kwa wanaosoma kimya: uso ukienda upande, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakikatika, angalieni saa ilikuwa ngapi mtu akiwa mzima mara ya mwisho, mkimbieni hospitali. Dawa ya kuyeyusha bonge ina muda, ni saa nne na nusu tu tangu dalili zianze. Ukishazunguka kwa wazee wa upepo muda huo umekwisha.

#16 BintiWaUru

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili, niliahidi moyoni nitaleta mrejesho.

Baba nimemfanyia kama Mama Pasua alivyoelekeza. Siku nne za kwanza kitambaa kilikuwa chekundu kila mara. Siku ya tisa kilikuwa na rangi ya waridi, jana kimetoka cheupe. Harufu imeisha, mjukuu wake sasa anakubali kukaa naye karibu. Kikohozi cha chai kimepungua sana tangu aanze kukaa wima. Tumemrudisha kliniki wakamtoa ugaga upande wa chini, bila kumwachisha aspirini. Meno mawili yanayocheza wamesema tusubiri fizi itulie kwanza kabla ya kuamua.

Kaka zangu niliwaburuza wote wawili. Mkubwa ana mifuko ya fizi ya milimita sita nyuma, kasafishwa. Mdogo, huyu ndiye aliyenitetemesha. Ana miaka 38, anabeba magunia Mbuyuni, mwili kama mwamba. Kabla ya kumgusa meno wakampima presha: 168 kwa 104. Wakamrudia baada ya kupumzika, 164 kwa 102. Hakuwa anajua chochote. Fizi zake wakaziacha siku hiyo, wakamwandikia aende kwa daktari wa presha kwanza. Ameanza dawa juzi. Nimemwekea kengele kwenye simu yake, saa mbili usiku, na mama amesema asipokunywa hapati chakula.

Baba alikuwa anatusikiliza tukimgombeza mdogo wetu. Akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha kidole, akasema, "Kunywa." Neno zima, limenyooka.

Tabibu, nina swali. Usafishaji wa baba unaofuata uwe baada ya miezi mitatu au sita?

#17 TabibuKinywa

Mitatu, dada. Na siku hiyo mlete mama naye, hakuna aliyemwangalia yeye.